Kusema, Kusemesha na Kusemea: Uhakiki wa Filamu ya Talk to Me

Filamu iitwayo Talk to Me ilitolewa nchini Marekani mwaka 2007 chini ya uongozi wa Kasi Lemmons, ambaye miaka 10 kabla yake alijipatia sifa kwa filamu ya Eve's Bayou. Inasimulia sehemu ya maisha ya Ralph "Petey" Greene, mtangazaji wa redio wa mji wa Washington, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki dunia Januari 1984. Don Cheadle anacheza nafasi ya Greene. Chiwetel Ejiofor anacheza nafasi ya Dewey Hughes, mtumishi wa stesheni ya WOL aliyemfungulia Greene mlango wa studio. Na Martin Sheen anacheza nafasi ya Sonderling, Mzungu mwenye stesheni. Sifa za uchezaji wao zimekwisha kutajwa na wengi, wala hazihitaji kurudiwa kwa urefu. Lakini filamu hii yastahili kuchunguzwa na wataalamu wa lugha kwa sababu jambo lake kubwa ni usemi wenyewe: nani asemaye, anasema na nani, na nini humpata msemaji anapoondolewa kwa watu wake.

Jina la filamu latosha kuanzisha uchunguzi huo. Mtu akitaka kulitia katika Kiswahili, "Sema nami" inaelea karibu, na "Zungumza nami" ina adabu zaidi. Lakini huenda "Niambie" ikawa bora kuliko zote mbili, kwa kuwa ndilo neno alitoalo mtu anapokutana na rafikiye njiani, akiwa na maana kwamba yu tayari kusikia lolote. Kiswahili kina bahati ya kuweza kuonyesha ndani ya kitenzi kimoja jinsi usemi unavyomwelekea msikilizaji. Mtu husema, na huenda hana wa kumsikiliza. Akimsemesha mwenziwe, anamtaka ajibu. Wakisemezana, usemi huwa mali yao wote. Na akimsemea, anasema kwa ajili yake au mahali pake. Neno hili la mwisho lina pande mbili: anayesemea huweza kuwa mtetezi, na huweza pia kuwa mchongezi, kama mtoto anavyomsemea mwenziwe kwa wazazi. Vitenzi hivi vinne vyaweza kutumika kama mizani ya kuipimia filamu hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Ili thamani ya usemi wa Greene ifahamike, hapana budi kuukumbuka mji wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 1960 ilionyesha kwamba Wamarekani Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa Washington. Juu ya hayo, wakazi wa mji huo, ulio makao makuu ya serikali, hawakupata kupiga kura ya kumchagua Rais hadi mwaka 1964, wala hawakumchagua meya wao wenyewe hadi mwaka 1974. Walikuwa karibu mno na serikali kwa nyumba, na mbali mno nayo kwa sauti. Mahali ambapo mtu hana kura, kipaza sauti cha redio huwa kitu kikubwa. Greene alipoanza kusikika WOL katika miaka hiyo ya 1960, akitaja waziwazi umaskini, rushwa, unafiki wa wakubwa na makosa yake mwenyewe, alijaza nafasi iliyokuwa tupu kwa muda mrefu.

Alitokea gerezani. Alikuwa ametiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akapelekwa gereza la Lorton, na humo ndimo alimojifunza utangazaji, akiwapigia wafungwa wenzake santuri na kuwasemesha. Filamu inaanzia hapo, na mwanzo huo ni mzuri. Mtazamaji anaisikia sauti ya Greene ikitembea katika vyumba vya wafungwa na kuona nyuso zinazobadilika. Wasikilizaji hao hawana pa kwenda, nao wanajua kila hila ya ulimi; mtu hawezi kuwadanganya kwa maneno ya kupambwa. Inafuata habari ya mfungwa aliyepanda juu akitishia kujitupa, naye Greene akamshusha kwa maneno, na kwa tendo hilo akapunguziwa kifungo. Inasimuliwa kwamba katika maisha ya kweli Greene mwenyewe ndiye aliyemshawishi mwenziwe apande, ili apate kumshusha. Basi tangu mwanzo msema kweli huyu ni mjanja pia. Filamu inafaulu kwa kuwa haimtakasi: inamwonyesha mlevi, mtukutu, mwenye kuvunja ahadi, na bado mtu ambaye wasikilizaji wake wanamwamini kuliko wanavyowaamini waadilifu wengi.

Kinyume chake ni Dewey Hughes. Yeye huvaa suti safi, hutamka Kiingereza cha ofisini, na hujua namna ya kukaa na wakubwa. Greene anamdharau kwa hayo, akimhesabu kuwa mtu aliyekimbia asili yake. Lakini katika chumba cha mchezo wa biliadi mambo yanageuka. Hughes anavua koti, anamshinda Greene, na kumfunulia kwamba yeye naye alilelewa katika nyumba za maskini, na kwamba lugha ile nyingine anaijua vizuri sana ila ameamua kuiweka kando. Kisha anamwambia, kwa maana, kwamba anamhitaji Greene ayaseme yale ambayo yeye anaogopa kuyasema, kama Greene anavyomhitaji yeye ayatende yale ambayo Greene anaogopa kuyatenda. Hapo ndipo moyo wa filamu ulipo. Hughes anatafuta mtu wa kumsemea. Ejiofor anaicheza sehemu hii kwa utulivu ulio na uchungu ndani yake. Tuzo ya Independent Spirit aliyopewa ilimstahili.

Kwa mtaalamu wa lugha, tukio hilo lina mafundisho mengi. Wanaume wawili wa asili moja wana ndimi mbili, na kila mmoja analipa gharama ya ulimi aliouchagua. Lugha ya Hughes inamfungulia milango na kumfunga kinywa. Lugha ya Greene inamfungua kinywa na kumfungia milango. Filamu haisemi kwamba lugha ya mtaani ni ya kweli na lugha ya ofisini ni ya uwongo. Inaonyesha kwamba kila moja ina kazi yake, na kwamba asiyezijua zote mbili hutegemea aijuaye ile nyingine. Mfasiri ambaye siku moja atataka kuitia filamu hii sauti za Kiswahili atakumbana na shida hii kabla ya shida ya msamiati. Akimpa kila mtu Kiswahili sanifu kile kile, atakuwa amemfanya Greene azungumze kama Hughes, na hadithi yote itakuwa imepotea ingawa kila neno litakuwa sahihi. Na akimpa Greene lugha ya mtaani bila kuchagua, atamfanya mhuni wa kuchekesha tu, ilhali Greene alikuwa fundi wa lugha aliyeupima uzito wa kila tusi alilolitoa.

Kilele cha filamu ni usiku wa tarehe 4 Aprili 1968, alipouawa Martin Luther King. Ghasia zilizoanza usiku ule ziliendelea kwa siku kadhaa. Mamia ya majengo yaliteketea katika mitaa ya 7th, 14th na H, zaidi ya watu 10 walikufa, na askari wapatao 13,000 waliletwa mjini. Katika filamu, Greene anaketi mbele ya kipaza sauti na kuwasihi watu warudi majumbani kwao. Cheadle hapa anaacha mbwembwe zote. Sauti inashuka, maneno yanakuwa machache, ucheshi unaondoka, na kinachobaki ni mtu mwenye huzuni akizungumza na wenye huzuni. Hawaambii kwamba hasira yao ni kosa, maana yeye naye anayo. Nguvu ya usemi wake inatoka katika kushiriki msiba, kama vile katika matanga anayeweza kuwanyamazisha wanaolia ni yule aliyekwisha kulia pamoja nao. Huko ndiko kusemesha kwa maana yake kamili.

Baada ya kilele hicho filamu inaingia katika sehemu yake dhaifu, nayo ndiyo inayohitaji kuzungumzwa kwa uangalifu zaidi. Hughes, sasa akiwa msimamizi wa Greene, anataka kumpeleka mbele ya taifa zima, katika kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Greene anasimama jukwaani, anawatazama wasikilizaji wasiomjua, wengi wao Wazungu, na kuwaambia kwamba hana la kuwaambia. Kisha anaondoka, na urafiki wa wanaume wawili unavunjika. Tukio lenyewe limetengenezwa kwa ustadi. Mtu aliyezoea kusemesha anaitwa asemee watu wake mbele ya wageni, ili wageni wacheke, naye anaona kwamba kusemea kwa namna hiyo ni kuchongea. Hoja hii ni nzito, na filamu inaitoa bila hotuba.

Walakini filamu inaliona tukio hilo kwa macho ya Hughes. Kwake yeye, na hatimaye kwa mtazamaji, kukataa kwa Greene kunaonekana kama kuanguka: baada ya hapo kunafuata ulevi, upweke, ugonjwa na kifo. Kumbe maisha ya Greene hayakukaa hivyo. Tangu mwaka 1976 hadi mwaka 1982 alikuwa na kipindi chake mwenyewe cha televisheni mjini Washington, Petey Greene's Washington, ambacho kilimpatia tuzo mbili za Emmy za jimbo lile. Alifanya kazi ya kuwasaidia maskini na watu waliotoka gerezani. Na Machi 1978 alialikwa Ikulu ya Marekani, Rais Carter alipomwandalia Tito wa Yugoslavia karamu. Aliporudi aliwachekesha watu kwa kudai kwamba alikuwa ameiba kijiko. Kisa cha kijiko kinafundisha mengi kuliko kisa cha Carson. Mtu huyu hakuwa mfungwa wa mtaa wake, asiyeweza kukanyaga nyumba ya wakubwa. Aliikanyaga, akala, kisha akairudisha habari kwa wenyewe ikiwa imegeuzwa kuwa mzaha wao. Msikilizaji wake hakubadilika hata alipobadilika mwenyeji wake.

Kwa nini basi filamu ilichagua njia ile nyingine? Sehemu ya jibu iko wazi. Maandishi ya filamu yalitungwa na Michael Genet, mwana wa Dewey Hughes, pamoja na Rick Famuyiwa. Si ajabu mtoto kuiona hadithi kutoka upande wa babaye, wala si kosa. Kila wasifu una dirisha lake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu ambaye sifa yake yote ilikuwa kujisemea mwenyewe amesemewa na upande wa rafikiye. Mwisho wa filamu ni Hughes akitoa maneno kwenye maziko ya Greene, na Hughes ndiye anayeonekana kuirithi sauti. Kufika mwaka 1980 stesheni ya WOL ilikuwa ya Dewey Hughes na mkewe Cathy Hughes, na kwa kweli ni yule mama aliyeendeleza pale WOL mtindo wa mazungumzo na wasikilizaji, filamu haimtaji. Pengo hilo si dogo katika hadithi ya namna sauti inavyorithiwa.

Yaweza kujibiwa kwamba filamu ya wasifu haifungwi na kila tukio, na kwamba mtunzi ana haki ya kupunguza na kupanga. Jibu hilo ni la haki, na kwa mtu mwingine lingetosha. Kwa Greene halitoshi. Aliyeaminiwa kwa sababu hakupamba maneno anadai kwa mwandishi wa maisha yake uangalifu uliozidi wa kawaida. Na Waswahili wanaposema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, hawamwondoi katika sharti hilo mwenye kumsimulia msema kweli.

Hata hivyo, filamu yenyewe imetia ndani yake kipimo cha kuhukumiwa kwake, na huo ni uaminifu wa aina yake. Mtazamaji aliyeona chumba cha biliadi, studio ya usiku wa Aprili na jukwaa la Carson anaondoka akiwa amefundishwa tofauti baina ya kusema, kusemesha na kusemea, hata kama mtunzi hakulikusudia somo la mwisho lirudi juu ya kazi yake. Katika nusu yake ya kwanza Talk to Me inawasemesha watazamaji wake. Katika nusu ya pili inamsemea Greene, mara kwa mapenzi, mara kwa kumpunguza. Apendaye kumjua mtu mwenyewe na aanze na filamu hii, kisha avitafute vipindi vya televisheni vya Greene vilivyosalia. Humo atamkuta akiwa peke yake mbele ya kamera, bila rafiki wa kumsimamia wala mchezaji wa kumwigiza, akizungumza na watu wa mji wake.