Kava Zilizopumua Ndani ya Oveni

Alumini haishiki kutu nyekundu. Ikilala karibu na bahari hutoa unga mweupe chini ya vanishi ya kiwandani, vanishi inavimba, kisha inabanduka kama ngozi ya nyoka. Ndivyo zilivyokuwa kava mbili za injini ya pikipiki yangu ya Boxer hapa Mombasa, ya klachi upande wa kulia na ya magneto kushoto, siku nilipozifungua nizipe sura mpya.

Hamu ya kwanza ilikuwa kuzing'arisha tu kwa msasa, kutoka namba 240 hadi 800, kisha nta. Kwa hewa ya chumvi, hiyo ni ajira ya kudumu. Kromu nayo haikai juu ya alumini hivi hivi: huanza zinki, ikafuata shaba, nikeli, ndipo kromu yenyewe, na chumvi ikipenya tundu moja tabaka zote huinuka pamoja. Anodaizi, yaani kuikuza oksidi ya alumini yenyewe kwa umeme ndani ya asidi, ingenifaa kama kava zingechongwa kutoka kwenye bamba. Bahati mbaya kava za pikipiki humiminwa kwenye kalibu kwa shinikizo, na alumini ya kumimina hutiwa silikoni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 10, ili itiririke vizuri. Silikoni hiyo haigeuki oksidi kama alumini, kwa hiyo kava hutoka na kijivu chenye mabaka.

Ikabaki rangi ya unga, ile inayopakwa kwenye mageti na fremu za madirisha: unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, ukang'ang'ania chuma, kisha ukayeyushwa ndani ya oveni kwenye nyuzi 180 hadi 200. Wenzangu kijiweni walionya kwamba itafungia joto. Sikubaliani nao. Joto kali liko kwenye silinda na mapezi yake, na hayo sikuyagusa. Tena uso mweusi hutoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko alumini iliyong'arishwa.

Karakana ya kwanza iliyazoea mageti. Kava zilirudi nyeusi, nzuri kwa mbali; kwa karibu zilijaa vitundu kama uso wa chapati. Alumini iliyomiminwa kwa shinikizo hubaki na viputo vya hewa ndani, na kava iliyotumika imekunywa oili miaka mingi. Oveni ilipopanda moto, hewa na mvuke wa oili vikatafuta njia ya kutoka wakati unga ulikuwa tayari umeyeyuka. Mageti ya chuma hayana tabia hiyo, ndiyo maana fundi alishangaa kuliko mimi.

Mara ya pili tulibadilisha mpangilio. Rangi ilitolewa yote, kava zikaoshwa kwa thina, zikaingia oveni zikiwa tupu kwa saa nzima, kwenye nyuzi 220, juu kidogo ya joto la kukaushia rangi. Zilitoka na madoa ya kahawia yaliyofuka kutoka ndani. Tukayafuta, tukazipuliza kwa kompresa na chembe za kioo, na hapo tu ndipo unga ukapakwa. Vitundu vilivyobaki ni viwili, vyote chini kusikoonekana.

Kilichotaka subira zaidi, kabla ya kupaka, ni kuziba sehemu zisizotakiwa kuguswa na unga. Tabaka la unga hufika maikroni 60 hadi 80. Likiingia kwenye uso wa gasketi, oili itavuja. Likibaki chini ya vichwa vya bolti, hubonyea polepole kwa moto na bolti zinalegea. Kila tundu lilizibwa, kila uso wa kukutana ukafunikwa kwa utepe usioungua. Oili sili ya shafti ya kiki ilitolewa kabla ya oveni, maana mpira wake usingevumilia. Baada ya hapo nilisugua njia za oili kwa brashi na maji ya moto mara tatu, kwa kuwa chembe moja ya kioo ikifika kwenye beringi, rangi haitakuwa na maana.

Nilichagua kijivu cheusi kisichometa. Nyeusi inayong'aa huonyesha kila mkwaruzo, na kiatu changu cha kulia, kikienda kwenye breki, husugua kava ya klachi mahali palepale. Tayari pana alama ndogo, upana wa kidole gumba. Ya magneto haijaguswa.