NDUGU WA TUMBO LIPI? UHAKIKI WA HOJA YA LUGHA KATIKA MJADALA WA UBIKIRA WA DAIMA WA MARIA

Katika mjadala juu ya ubikira wa daima wa Maria, iko hoja moja ambayo msemaji wa Kiswahili huishika upesi. Injili zataja "ndugu" zake Yesu. Lakini kwetu ndugu si lazima awe wa tumbo moja. Basi tatizo limekwisha. Hoja hiyo ni nyepesi, tena inapendeza. Makala haya yanakusudia kuipima kwa mizani ya isimu. Tunashikilia kwamba neno letu "ndugu" halifai kuwa shahidi wa upande wowote, na kwamba mafundisho ya Kanisa Katoliki hayapungukiwi na kitu ushahidi huo ukiondolewa.

Ubishi wenyewe ni wa kale. Mnamo mwaka 383, huko Roma, Yeronimo alitunga kitabu kumpinga Helvidius, aliyefundisha kwamba Maria, baada ya kumzaa Yesu, alimzalia Yosefu watoto wengine. Kati ya maneno aliyoyategemea Helvidius, matatu ndiyo yanayorudi hadi leo: "mpaka" (Mathayo 1:25), "mzaliwa wa kwanza" (Luka 2:7) na "ndugu" (Marko 6:3), ambapo wametajwa Yakobo, Yose, Yuda na Simoni. Yeronimo aliyajibu yote, ila majibu yake hayana uzito sawa.

Kuhusu "mpaka", jibu lake ni imara. Tukimwambia msafiri, "Mungu akulinde mpaka tutakapoonana", hatumaanishi kwamba siku ya kuonana ulinzi utakoma. Neno hilo laweka kikomo cha habari inayosimuliwa. Yatokeayo baadaye huamuliwa na muktadha. Kuhusu "mzaliwa wa kwanza", Kiswahili chenyewe chamuunga mkono. Mtoto huitwa kifungua mimba tangu siku ya kuzaliwa, kabla mtu yeyote hajajua kama atafuatwa na mwingine. Ni kitinda mimba asiyeweza kuitwa hivyo pasipo waliomtangulia. Yeronimo alitoa hoja hiyo hiyo kwa kutumia Sheria ya Musa, iliyoagiza kifungua mimba akombolewe akiwa na umri wa mwezi mmoja: wazazi hawakungoja mtoto wa pili.

Tatizo liko kwenye neno la tatu. Yeronimo alidai kwamba hao "ndugu" ni watoto wa dada au jamaa wa Maria, kwa kuwa Maandiko huliita jina hilo hata jamaa wa mbali. Ni kweli: katika Mwanzo 13:8 Abramu na Loti waitwa ndugu, ingawa Loti ni mtoto wa kaka yake Abramu. Watetezi wa baadaye waliongeza kwamba Kiebrania na Kiaramu hazikuwa na neno moja la pekee la binamu. Lakini lugha kukosa neno moja si kukosa njia ya kusema. Kiebrania husema "mwana wa ami", kama sisi tusemavyo "mtoto wa baba mdogo". Na "binamu" yetu yenyewe, tuliyoipokea kwa Waarabu, imeundwa hivyo hivyo. Tena Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, lugha yenye neno *anepsios*, yaani binamu. Paulo analitumia katika Wakolosai 4:10 kumtaja Marko kuwa binamu ya Barnaba. Katika karne ya 2, Hegesipo alimwita Yakobo ndugu wa Bwana, lakini Simeoni akamwita binamu yake. Mwandishi huyo, basi, alizijua tofauti hizo mbili.

Kwa sababu kama hizo John P. Meier, padre wa Marekani, aliandika mwaka 1991 kwamba mwanahistoria anayepima lugha na vyanzo pekee ataelekea kuwaona kuwa ndugu wa kweli. Alitenga wazi hukumu hiyo ya kihistoria na fundisho la imani. Mwaka 1994 Richard Bauckham alimjibu kwa kuitetea rai ya Epifanio wa Salamis, askofu wa karne ya 4: kwamba hao ni watoto wa Yosefu kwa mke wa kwanza. Rai hiyo yatokana na mapokeo ya karne ya 2 yaliyomo katika Injili ya Yakobo isiyo ya kanuni, nayo hadi leo imeenea katika Makanisa ya Mashariki.

Kwa upande wa isimu, rai ya Epifanio ndiyo isiyolitaabisha neno. Katika nyumba yenye baba mmoja na mama wawili, watoto huitana ndugu bila maelezo. Ni siku ya urithi au ya ugomvi ndipo husikika "yule ni wa tumbo jingine". Hapo *adelphos* hubaki na maana yake ya kawaida. Hata hivyo, neno kukubali maana fulani si uthibitisho kwamba mambo yalikuwa hivyo.

Tuseme basi wazi. Upana wa "ndugu" ni mali ya Kiswahili. Hatuwezi kuusafirisha hadi Nazareti. Anayeutumia kuthibitisha fundisho anakosea, na anayelisoma neno hilo kana kwamba siku zote ni "wa tumbo moja" ili kulikanusha anakosea vile vile. Fundisho lenyewe halikuzaliwa na kamusi. Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli (553) ulimtaja Maria kuwa Bikira daima, na Sinodi ya Laterano (649), chini ya Papa Martino wa Kwanza, ikalitamka tena. Zote mbili zilisimama juu ya mapokeo na juu ya imani kuhusu Kristo. Luther na Zwingli, waliokijua Kigiriki cha Injili, waliendelea kuuamini ubikira huo.

Wajibu wa mfasiri ni kuliacha "ndugu" mahali pake, bila kuandika "binamu" wala "wa tumbo moja". Wajibu wa mwalimu ni kuwaambia wanafunzi wake neno hilo linafika wapi, na linaishia wapi. Imani ina mashahidi wake; lugha isilazimishwe kuapa kwa jambo isiloliona.