Kura za Msechu: Buigiri Tulikosea Wapi Kubashiri

Mwimbaji wetu Peter Msechu alikuwa mshindi wa pili wa mashindano ya kuimba mara mbili ndani ya miaka miwili. Mwaka 2009 kwenye Bongo Star Search alimaliza nyuma ya Paschal Cassian. Mwaka 2010 akaenda Nairobi kwenye msimu wa nne wa Tusker Project Fame, shindano la nchi za Afrika Mashariki, akamaliza nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Usiku ule wa fainali ya Nairobi, hapa Buigiri, mkoani Dodoma, kwenye kibanda umiza kilichokuwa kando ya barabara ya Morogoro, hakuna aliyetaja jina jingine. Tulikuwa tumeshampa Msechu ushindi tangu wiki mbili nyuma. Matokeo yalipotangazwa watu walitoka nje wakisema haiwezekani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa.

Kesho yake nilipita kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyeona, nikamwaga malalamiko yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mle ndani mlikuwa wangapi?" Nikamwambia kama arobaini. "Waliotuma meseji ya kura wangapi?" Nilihesabu vidoleni. Watatu. Na mmoja wao alikuwa ameazima salio.

Kwenye jibu hilo ndipo uchambuzi huu unapoanzia. Tulikuwa na maswali mawili na tuliyafanya moja: nani anaimba vizuri zaidi, na nani atapata kura nyingi zaidi. La kwanza linajibiwa kwa sikio. La pili linajibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe haihusu waimbaji. Inahusu wapiga kura: wako wapi, wana nini mfukoni, na watafanya nini mtu wao akitolewa.

Tuanze na idadi ya watu, maana hiyo ndiyo hoja tuliyoipenda kuliko zote. Tulikuwa tukisema Tanzania ni kubwa, tukiamua hakuna wa kutuzuia. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 44.9. Kenya, kwa sensa yake ya 2009, ilikuwa na milioni 38.6. Rwanda ilikuwa na milioni 10.5 mwaka 2012, na Burundi kama milioni 8 mwaka 2008. Sasa weka washindi wa misimu sita ya Project Fame kwenye mstari: Valerie Kimani wa Kenya mwaka 2006, Esther Nabaasa wa Uganda 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012, Hope Irakoze wa Burundi 2013. Kenya mbili, Uganda mbili, Rwanda moja, Burundi moja. Tanzania hakuna, na tulikuwa na washiriki tangu msimu wa kwanza, ambako Nakaaya Sumari alikuwemo. Kama watu wengi wangetosha, Rwanda na Burundi zisingegusa taji, kwa kuwa hata ukiziunganisha hazifiki nusu yetu.

Kura haipigwi na raia. Inapigwa na mtu mwenye runinga inayowaka saa hiyo, simu yenye chaji na salio la kuchezea, na sababu ya kulimaliza hapo badala ya kumpigia mama yake. Miaka ile chini ya robo ya kaya za Tanzania zilikuwa na umeme, na vijijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Sisi wa kibandani tulikuwa watazamaji arobaini kwenye runinga moja. Nairobi au Kampala, watu arobaini wangeweza kuwa sebule kumi, kila moja na simu zake. Isitoshe mwenye kibanda alikuwa mtu wa biashara: mechi ya Uingereza ikianza, anabadili chaneli. Tulipokuwa tunarudi kwenye muziki, mara nyingi Msechu alikuwa ameshaimba na muda wa kura unayoyoma.

Halafu mashindano ya aina hii kwa kawaida hayamzuii mtu kurudia kura. Mwenye vocha anaweza kutuma meseji hamsini. Kwa hiyo kinachopimwa ni ukali wa mapenzi ukizidishwa kwa salio, wala si upana wa mapenzi. Mshiriki anayependwa kidogo na watu milioni anaweza kushindwa na anayependwa kufa na watu elfu hamsini. Nchi ndogo yenye mshiriki mmoja tu aliyebaki inaweza kuwa na ukali huo, kwa kuwa kila mtu anajua hakuna mwingine wa kumbeba. Nadhani ushindi wa Alpha na wa Hope haueleweki vizuri bila jambo hilo, pamoja na kwamba Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana, hivyo jirani anayepoteza mtu wake ana mahali pa karibu pa kuhamia.

Kuhama huko kwa kura ndiko wabashiri wengi wanakokusahau, nami nataka kukaa hapo kidogo. Tuseme wamebaki wanne: Wakenya wawili, Mganda mmoja na Mtanzania mmoja, na kura ni 1,000. Mganda ana 280, Mkenya wa kwanza 260, Mkenya wa pili 240, Mtanzania 220. Kura zikipigwa mara moja na mchezo ukaishia hapo, Mganda amechukua. Lakini ukimtoa wa mwisho kila wiki, picha inageuka. Mtanzania anatoka na kura zake 220 zinatawanyika: tuseme 100 kwa Mkenya wa kwanza, 60 kwa wa pili, 60 kwa Mganda. Sasa ni 360, 300 na 340. Mkenya wa pili anatoka. 240 kati ya kura zake zinakwenda kwa mwenzake na 60 kwa Mganda. Fainali: Mkenya 600, Mganda 400. Nyimbo zilezile, wapiga kura walewale, bingwa mwingine. Na ukitaka kuivuruga zaidi hesabu hiyo, jiulize wale 220 wakikasirika na kuweka simu mfukoni. Ndiyo maana swali la kumuuliza shabiki si "unampenda nani?" peke yake. Muulize pia: "Wako akitoka leo, kesho utampigia nani, na utapiga kweli?"

Uingereza walilionja jambo hili mwaka 2002, kwenye Pop Idol ya kwanza. Gareth Gates ndiye aliyepewa nafasi kubwa na wengi. Darius Danesh alipotoka akiwa wa tatu, wakabaki wawili, na Will Young akashinda kwa kura kama milioni 4.6 dhidi ya milioni 4.1. Marekani mwaka uliofuata, kwenye American Idol, pengo lilikuwa dogo kuliko hilo: Ruben Studdard alimzidi Clay Aiken kwa kura kama 134,000 katika kura milioni 24. Mbashiri aliyemtaja Clay siku ile hakuwa mjinga. Pengo la namna hiyo linaweza kuletwa na laini za simu kujaa.

Kujaa kwa laini kumewahi kufanywa kipimo kabisa. Mwaka 2006 Marekani ilitumika programu ya kompyuta iitwayo DialIdol, iliyokuwa ikipiga namba za washiriki wa American Idol na kuhesabu ni mara ngapi laini iko bize. Mwenye namba yenye bize nyingi ndiye mwenye kura nyingi. Naipenda njia hiyo kwa sababu inapima tendo lenyewe la kupiga kura, haipimi maneno. Mwaka 2012 watafiti, Fabio Ciulla na wenzake, walijaribu kwa kuhesabu jumbe za Twitter. Fainali ilikuwa kati ya Phillip Phillips na Jessica Sanchez. Jumbe za kumsifu Jessica zilikuwa nyingi ajabu, lakini walipoangalia zinatoka wapi, wakakuta kiasi kikubwa kinatoka Ufilipino, ambako ana asili na ambako watu hawakuwa na haki ya kupiga kura. Phillips akashinda. Niliposoma habari hiyo nilikiona kibanda chetu: kelele nyingi, mapenzi ya kweli, kura tatu.

Kuna mengine madogo ya kuandika daftarini. Zamu ya kuimba ni mojawapo. Mtafiti Wändi Bruine de Bruin alichunguza Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, akakuta wanaopanda jukwaani mwishoni hupata alama za juu zaidi. Angalia pia lugha ya nyimbo. Jukwaa lile la Nairobi liliendeshwa zaidi kwa Kiingereza, na mtu aliyekulia kwenye kwaya ya Kiswahili anapigana vita viwili kwa wakati mmoja.

Sasa nirudi kwenye sikio, maana Buigiri tuna deni nalo. Shule yetu ya wasioona ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, ya kwanza nchini kwa wanafunzi wa aina hiyo, na jirani yangu yule amesikiliza sauti za watu maisha yake yote bila kuona nguo wala sura. Misimu iliyofuata nilikaa naye mbele ya runinga, kila mmoja na orodha yake. Orodha zetu hazikufanana. Mimi nilimpandisha msichana mmoja hadi nafasi ya pili. Yeye alimweka wa sita na kuniambia pumzi yake inakatika kabla ya neno la mwisho la kila mstari. Nilirudi kusikiliza nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa kweli.

Mtaalamu wa saikolojia Chia-Jung Tsay, ambaye mwenyewe ni mpiga piano, alichapisha mwaka 2013 majaribio yanayoeleza tofauti hiyo. Aliwapa watu rekodi za waliofika tatu bora kwenye mashindano ya muziki wa kiklasiki, wamtaje aliyeshinda. Waliosikia sauti tu walipatia chini ya theluthi, yaani hawakuzidi bahati nasibu. Waliotazama picha bila sauti walikaribia nusu. Wanamuziki wenye ujuzi nao walikuwa hivyohivyo. Na yale ni mashindano ya majaji. Basi kama lengo lako ni kumtaja mshindi, zima sauti utazame. Kama lengo lako ni kujua nani anaimba, fumba macho. Kufanya vyote kwa pamoja na kutegemea jibu moja ndiko kulikotuponza 2010.

Mwalimu ana hoja nyingine, nami nimeikubali. Mashindano haya yanampima mtu mmoja mmoja, wakati huku Ugogo kuimba ni kazi ya wengi. Katika nyimbo zetu za nindo au msunyunho sauti zinaegemeana. Mwenye sauti nzuri anajulikana kwa jinsi anavyowafanya wa pembeni yake wasikike vizuri. Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka mkoa huu na ala zake, zeze na ilimba, akafika majukwaa ya dunia, lakini muziki alioubeba ulikuwa wa ukoo mzima. Kipaji hicho hakina namba ya kutumia meseji. Usaili wa Bongo Star Search umewahi kufika Dodoma, na kijana wa kwetu aliyefundishwa tangu utoto kutowafunika wenzake anasimama pale mbele ya majaji akiwa na sekunde chache za kujionyesha peke yake. Kukataliwa kwake hakunishangazi, na kunaniuma.

Hata hivyo kukosa taji si mwisho wa mwimbaji. Msechu ameendelea kuimba. Kala Jeremiah naye alipita Bongo Star Search ya mwanzo, taji likaenda kwa Jumanne Iddi, na nchi nzima ikaja kumjua Kala baadaye kwa mashairi yake.

Daftari langu siku hizi lina kurasa mbili kwa kila msimu. Wa kushoto naandika hesabu: wamebaki wangapi kutoka wapi, nani wa mwisho kupanda, nani akitoka kura zake zinakwenda wapi, na kwenye kijiwe chetu ni wangapi wametuma meseji kweli. Wa kulia naandika anachosema Mwalimu. Nikifika kwake jioni namsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, anaitikia, ananisogezea kigoda, na kabla sijawasha redio au runinga ananiuliza kwanza kama nimeweka vocha.