Hongera kwa Walimu wa Notre Dame
Kila Agosti, Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Indiana, Marekani, hufungua mwaka mpya wa masomo, na ndaki yake kongwe, ya Sanaa na Fasihi, hupokea vijana wapya. Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu alianzisha chuo hicho mwaka 1842. Ninachokipenda zaidi ni programu ya vitabu vikuu, iliyoanza mwaka 1950: wanafunzi humsoma Plato, Augustino na Dante, kisha huketi pamoja wakahojiana, mwalimu akiuliza zaidi ya kuhubiri. Hata anayesomea uhandisi chuoni hapo hahitimu bila falsafa na teolojia. Ni uamuzi wa busara, hasa sasa vijana wanapohimizwa kuchagua masomo kwa kutazama mshahara tu. Walimu wa ndaki hii, hongereni sana. Msiulegeze utaratibu huo.