Fundi wa Tarehe

Ukimuuliza mtu alizaliwa lini, atakutajia siku. Saa huenda hata mama yake ameisahau, na hakuna afisa uhamiaji atakayeiuliza. Lakini programu nyingi za mtandaoni huihifadhi siku hiyo kana kwamba ni saa: saa sita kamili usiku, mwanzo wa tarehe. Chukua mtu aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1990. Seva inayotumia saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, itaigeuza saa sita hiyo ya usiku kuwa saa tatu usiku ya tarehe 31 Desemba 1989. Ikija kuchapishwa bila kurudishwa kwenye saa za kwetu, mtu kahamishwa mwaka mzima kwenye karatasi, na hakuna aliyekosea kuandika hata herufi moja.

Fundi anayeijua kazi yake hulizuia hilo kabla hajaandika mstari wowote wa msimbo. Huuliza: hiki ni kitu gani? Siku ya kalenda, au nukta ya wakati? Siku ya kuzaliwa aiweke kama tarehe tupu, isiyo na saa wala majira ya mahali. Malipo ni jambo jingine. Fedha zikiingia, zimeingia kwa nukta moja duniani kote, Mwanza na Muscat, kwa hiyo nukta hiyo ihifadhiwe kwa UTC na igeuzwe tu inapoonyeshwa kwa msomaji. PostgreSQL ina aina ya safu iitwayo timestamptz, na jina lake limewapoteza wengi: hudhani inatunza majira uliyoiandikia. Haitunzi. Huyatumia kugeuza saa kuwa UTC, kisha huyatupa.

Mahali ninapoupenda zaidi ustadi huu ni kwenye ripoti ya mwezi. Mwenye baa anayefunga saa nane usiku anataka mauzo ya Januari. Hifadhidata ikiulizwa kwa UTC, vinywaji vilivyouzwa baada ya saa sita usiku vitaangukia jana yake, na mkesha wa mwaka mpya wote utabaki kwenye vitabu vya Desemba. Tena ukiiambia ikupe “kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 31”, itasimama pale tarehe 31 inapoanza, na siku nzima ya mauzo itapotea kimyakimya. Fundi huandika: kuanzia mwanzo wa 1 Januari kwa saa za Nairobi, kabla ya mwanzo wa 1 Februari. Hilo neno “kabla” ni dogo, ila limeokoa wahasibu wengi kuliko semina.

Na huandika Africa/Nairobi, haandiki +3. Mvivu atauliza tofauti iko wapi, maana saa zetu hazisogezwi kwa kiangazi wala masika. Mwaka 1940 Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021. Anayepanga Novemba 2020 kikao cha Juba cha Machi, saa tatu asubuhi, akakihifadhi kwa UTC, kitamtokea saa mbili. Miadi ya mbele ni ahadi ya mahali fulani. Itunzwe kwa saa ya pale na jina la pale, hesabu ifanywe siku ikikaribia. Kumbukumbu za mabadiliko hayo zilianzishwa na Arthur David Olson, zikaendelezwa na Paul Eggert pamoja na watu wa kujitolea, na tangu 2011 ziko chini ya IANA. (Humo Dar es Salaam ni jina linaloelekeza tu Nairobi. Watani wa jadi wataamua wenyewe.)

Kisha kuna saa yetu wenyewe. Basi la saa 12:00 asubuhi kwa kompyuta ni 06:00, na kutoa sita kunamshinda nani? Kinachotesa ni usiku. Abiria akisoma “saa tisa usiku, Jumapili”, mmoja atakuja usiku unaotangulia Jumapili, mwingine atalala, aamke, ashinde Jumapili yote nyumbani, ndipo afunge mizigo. Kompyuta imeandika 03:00 na haioni utata wowote. Fundi mzuri hamwachii abiria kitendawili hicho: kwenye tiketi hutoa “usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili”, pamoja na tarehe zote mbili, hata kama msanifu wa ukurasa atalalamika kwamba maneno hayatoshi kwenye kisanduku.