Mafundi Wanaousoma Moshi

Barabara ya Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo, bado inapitiwa na magari yaliyotoka Japani yakiwa malori madogo ya mizigo. Huku Unguja yakapigwa bodi la mbao, yakatiwa viti virefu pembeni, na vikapu na mikungu ya ndizi ikapanda juu ya paa. Injini ya dizeli ni ile ile.

Wanaoyafanya yatembee ni mafundi wa gereji. Hongera zao.

Fundi hodari huanza na moshi. Mweusi, mafuta yamezidi hewa: pengine chujio la hewa limeziba, au nozeli imechoka. Wa buluu, oili inapenya kwenye ringi za pistoni. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto humpeleka kwenye gasketi ya silinda hedi. Nozeli huifunga kwenye mashine ya mkono, akakandamiza mpini. Dizeli inatakiwa itoke kama ukungu. Ikidondosha matone, anaifungua tena.

Kanuni za mafuta nazo zimekaza. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ziliingia kwenye kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua nzuri, ila nozeli mbovu hutoa masizi hata kwa mafuta safi, na hilo haliondoki kwa waraka wa serikali. Linamsubiri mtu mwenye spana.

Mafundi wengi walifundwa uvunguni mwa gari, wakimshikia taa fundi mkubwa. Abiria wa shamba humjua dereva na utingo. Fundi hawamuulizii mpaka gari lizime njiani.