Chini ya Kapeti

Ukitaka kumjua fundi wa magari ya zamani, usianze na rangi. Inua kapeti. Rangi hata mvivu anaweza kuinunua, lakini sakafu iliyokatwa, ikapatanishwa na kulehemiwa upya ni kazi ya mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba itafunikwa na hakuna atakayemsifu kwayo.

Nimekuwa nikilitazama jambo hili uani kwa mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga. Alikuwa fundi mitambo kabla ya kustaafu, na sasa anafufua Peugeot 404 kwa pesa ya pensheni, yaani polepole. Nikipita kumwamkia hunionyesha kiti, kisha huendelea na kazi yake. Hana desturi ya kumfanyia mgeni maonyesho.

Gari lenyewe lina nasaba. Lilitoka mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia, na huku kwetu likajipatia jina kwenye mashindano ya magari ya Safari. Madereva Nowicki na Cliff walishinda nalo 1963, Shankland wa Tanzania na mwenzake Rothwell wakashinda 1966 na 1967, kisha Nowicki na Cliff wakarudia 1968, mwaka ambao magari 93 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Watu wa rika la mzee hawahitaji kuelezwa hayo. Ila gari lililoshinda matope ya Safari haliwezi kushindana na upepo wa bahari, na 404 hii imeishi Tanga muda mrefu.

Kutu hapa si suala la sura. 404 haina chasisi ya kubebea bodi; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kingo zilizo chini ya milango zikishaliwa, gari linaanza kulegea katikati. Ukizikata ovyo ili uweke mpya, uwazi wa mlango husinyaa kwa milimita chache tu, na hizo zinatosha mlango usifunge tena. Kwa hiyo kabla hajakata chochote, mzee alilehemu vyuma vya kukingia ndani ya uwazi wa milango, nguzo hadi nguzo. Akakata upande mmoja, wa pili akauacha. Kila alipolishikiza bati jipya kwa nukta mbili tatu, aliurudisha mlango kwenye bawaba, akaufunga, akakagua nafasi kuuzunguka, akaung'oa, akaendelea. Aliyekuwa akimtazama kutoka barabarani angedhani mlango ndio mbovu.

Nukta hizo nazo zina adabu yake. Bati la bodi ni jembamba, na moto ukikaa mahali pamoja linajikunja. Hivyo anagusa mwanzo wa bati, anahamia mwisho, anarudi katikati, anasubiri, analipima joto kwa mgongo wa mkono. Na pale ambapo bati lilishatanuka kwa kugongwa zamani, analipasha doa dogo hadi liwe jekundu, analigonga kidogo huku mkono wa pili ukishikilia chuma kizito kwa nyuma, halafu analibandika kitambaa chenye maji. Chuma kinanywea. Nimekiona kikinywea mara nyingi na bado nasogeza kiti karibu kila anapofanya hivyo. Kisha anafunika kiganja kwa kitambaa chembamba na kukipitisha juu ya bati, macho yakiangalia kwingine kabisa. Kiganja kinasoma mabonde ambayo jicho limeyaruka.

Wapo wanaomaliza kazi hiyohiyo kwa asubuhi moja: puti nene kama mkate wa mofa, msasa, rangi, na gari linauzwa kabla ya mvua. Mzee hawasemi vibaya. Ni mimi ninayewasema.

Injini ni hadithi nyingine, na hapa ndipo ninapowapenda Wafaransa waliolibuni gari hili. Ina sentimita za ujazo 1,618, imelazwa upande kwa nyuzi 45, na slivu zake zimezungukwa na maji, kila moja inaweza kutolewa na kubadilishwa bila kuipeleka bloku kuchongwa kwenye mashine. Fundi aliye mbali na karakana kubwa anaweza kuifungua na kuifunga. Lakini urahisi huo una mtego. Ukishavua silinda hedi, usizungushe krankshafti, kwa kuwa pistoni zitazinyanyua slivu, sili ya chini itavurugika, na baadaye utashangaa maji yameingiaje kwenye oili. Mzee alizibana slivu kwa bolti na washa pana kabla hata hajatafuta mahali pa kuiweka hedi. Wakati wa kurudisha, alipima jinsi kila slivu inavyochomoza juu ya bloku. Ni sehemu za mia za milimita zinazohesabiwa hapo, na zikitofautiana gasketi itaungua.

Pistoni zilikuwa zimeganda. Kijana mmoja fundi, mpole na mwenye nguvu, alijitolea kuja na nyundo na kipande cha mbao. Mzee akamwambia, "Mwanangu, acha zinywe." Akamimina dizeli iliyochanganywa na oili, na kila jioni, slivu zikiwa bado zimebanwa, akajaribu handeli kidogo, bila kulazimisha, hadi siku moja ikakubali.

Kijana huyo na wenzake wanamshauri aweke injini ya Toyota. Ushauri wao si wa kijinga: kwa gari la kutafutia riziki ningeufuata leo, spea ziko kila duka. Hili si la riziki. Hata hivyo yeye si mtumwa wa ukale. Mabomba ya breki, mipira yake, nyaya za umeme, vyote amenunua vipya bila kusita. Ila pedali ya klachi iliyolika upande mmoja kwa unyayo wa mwenye gari wa kwanza ameirudisha kama ilivyo, na nadhani kujua kipi kiachwe ndio ugumu mkubwa kuliko ule wa kulehemu.

Kuhusu rangi hatujakubaliana. Mimi nasema nyeupe, kwa jua la Tanga. Yeye alipotoa dashibodi alikuta nyuma yake kijivu cha kiwandani ambacho jua halijawahi kukifikia, akakata kibati kidogo chenye rangi hiyo na kukipeleka dukani ili wamchanganyie inayofanana. Ninavyomjua, hoja yangu imeshakufa. Makopo yako stoo. Hewa yenye unyevu huifanya rangi ipauke ikiwa bado inakauka, kwa hiyo hatapiga mpaka masika yakatike, na hata hapo ataanza na mlango mmoja wa nyuma, auache wiki nzima aone.